Miezi 14 baada ya kutolewa tezi dume, mkojo bado unavuja: mkanda au msuli bandia?

Swali: "Daktari, nina miaka 67. Miezi 14 iliyopita nilitolewa tezi dume yote kwa sababu ya saratani. Saratani wanasema imetulia, lakini mkojo siumudu. Nikilala usiku niko mkavu. Nikiinuka kitini, nikikohoa, nikinyanyua ndoo, unatoka. Natumia pedi nne kwa siku, na siku hizi nikienda penye watu nakaa karibu na mlango. Mazoezi ya kubana nimeyafanya mpaka nimechoka. Daktari mmoja ameniambia niwekewe mkanda, mwingine anasema niwekewe pampu kwenye mfuko wa korodani. Wa kwanza anasema pampu huharibika, wa pili anasema mkanda haufanyi kazi. Nimsikilize nani? Na kwa umri huu, si nimeshachelewa?"

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Madaktari wako wawili hawapingani kama unavyodhani. Kila mmoja amesema nusu ya kweli: pampu ipo siku itaharibika, na mkanda kwa baadhi ya wanaume haufanyi kazi. Kinachokosekana ni kujua wewe uko kundi lipi, na hilo halijulikani kwa kuhesabu pedi. Mwanaume mmoja hutoa pedi ikishapata unyevu wa kijiko kimoja kwa sababu hataki kabisa kunuka. Mwingine huivaa mpaka imelemewa ndipo aitoe. Wote wawili watamwambia daktari "nne kwa siku", na upasuaji unaowafaa si mmoja.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya mizani, ile ndogo inayopima kwa gramu. Pima pedi moja kavu, uandike uzito wake. Kisha kwa saa 24 kila pedi unayoitoa itie kwenye mfuko wa plastiki na uufunge ili isikauke. Siku ikiisha zipime zote pamoja, utoe uzito wa mifuko na wa pedi kavu. Kinachobaki ni mkojo: gramu moja ni kama mililita moja. Rudia kwa siku tatu, na siku hizo uishi kama kawaida yako. Kunywa maji unavyokunywa, tembea, fanya kazi zako. Wapo wanaojinyima maji siku ya kupima ili wasionekane vibaya, na matokeo yake hupangiwa tiba ya mtu mwingine.

Wapasuaji wengi huhesabu chini ya gramu 200 kwa siku kuwa uvujaji mdogo, 200 hadi 400 wa wastani, na zaidi ya 400 mkubwa. Mipaka hii si ukuta, lakini inasaidia kuona. Mtu mzima hutoa mkojo wa lita moja na nusu hivi kwa siku. Anayevuja gramu 900, zaidi ya nusu ya mkojo wake hauufikii mlango wa choo.

Nikueleze kilichotokea ndani, maana ukikielewa hutahitaji kukariri ushauri wangu. Mwanaume ana milango miwili ya mkojo. Wa kwanza uko kwenye shingo ya kibofu, nao hujifunga wenyewe bila wewe kujua. Wa pili ni msuli unaouzunguka mrija wa mkojo chini kidogo ya tezi dume. Huo ndio unaoubana ukitaka kukatisha mkojo katikati. Tezi dume imekaa kati ya milango hiyo miwili. Anayeitoa yote huuondoa au kuudhoofisha ule wa kwanza, na wa pili huachiwa kazi peke yake, mara nyingine ukiwa umejeruhiwa, mara nyingine ukiwa mzima lakini umepoteza nyama zilizokuwa zikiushikilia mahali pake. Ukilala, mkojo na tumbo haviuelemei, ndiyo maana usiku uko mkavu. Ukiinuka au ukikohoa, msukumo wa tumbo hukishukia kibofu ghafla, na mlango mmoja mchovu hautoshi. Hiyo ndiyo inayoitwa kuvuja kwa mkazo; mkazo wa tumbo, si wa mawazo.

Ukavu wako wa usiku unanipa moyo. Unaonyesha kwamba kibofu kinahifadhi mkojo vizuri na msuli haujafa wote. Ungeniandikia kwamba unashikwa na mkojo kwa ghafla, na kabla hujafika chooni umeshatoka, ningekujibu kwa njia nyingine kabisa. Huko anayekosea ni kibofu chenyewe: kinajikunja kabla ya wakati, na hakuna mkanda wala pampu ya kukituliza. Hali hiyo hutibiwa yenyewe kwanza, kwa kawaida kwa kubadili mazoea ya kunywa na kukojoa na kwa dawa. Wanaume wengine wanazo zote mbili, na asiyeulizwa hilo mapema hutoka chumba cha upasuaji akiwa na kifaa kizuri na pedi zilezile.

Mazoezi uliyofanya hayakupotea. Wanaume wengi huendelea kupata nafuu katika mwaka wa kwanza, na mazoezi ya kubana huiharakisha nafuu hiyo. Lakini yana mwisho wake. Mwongozo wa chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani, wa mwaka 2019, unaruhusu upasuaji kuanzia miezi 6 kwa mtu ambaye hali haibadiliki na inamsumbua, na ikishafika mwaka mmoja unasema apewe nafasi hiyo. Wewe una miezi 14. Anayekuambia leo "endelea kubana, utapona" anakuchelewesha, hata kama anasema kwa wema.

Sasa, kuna jambo hukuliandika, na ndilo ambalo ningekuuliza la kwanza kama ungekuwa umekaa mbele yangu: ulipigwa mionzi? Kabla ya upasuaji, au baada yake? Au kuna daktari wa saratani aliyetaja kwamba huenda ukaihitaji mbele ya safari? Nauliza kwa sababu mrija wa mkojo ni nyama hai, na nyama huishi kwa damu. Mionzi huua mabaki ya saratani, lakini pia huviachia makovu vile vishipa vidogo vya damu vya sehemu ile. Mrija uliopigwa mionzi huwa mgumu, hauvutiki vizuri, na ukijeruhiwa huchelewa kupona. Kila ninachokueleza kuanzia hapa hubadilika kulingana na jibu lako la swali hili.

Kabla ya kukubali upasuaji wowote, hakikisha umepimwa kwa kamera kupitia njia ya mkojo. Baada ya tezi dume kutolewa, kibofu hushonwa moja kwa moja kwenye mrija, na pale penye mshono huweza kuota kovu linalobana njia. Kovu hilo lisipoonekana na kutibiwa kwanza, kifaa kitawekwa mahali ambapo baadaye daktari atalazimika kupita na vyuma vyake kulikata, na hapo kifaa kiko hatarini. Kwa kamera hiyo hiyo daktari atakuambia ukaze, na ataona kwa macho yake kama msuli wako unajifunga. Pima pia mkojo unaobaki kibofuni baada ya kukojoa, na mkojo wenyewe uoteshwe maabara kuona kama una vijidudu. Kipimo cha mgandamizo wa kibofu si cha lazima kwa kila mtu, ila ningekitaka kwa aliyepigwa mionzi, kwa mwenye dalili za kubanwa ghafla, na kwa mwenye ugonjwa wa mishipa ya fahamu.

Tuje kwenye mkanda. Ni kipande cha wavu wa plastiki laini, kinachowekwa kupitia mpasuko kwenye msamba, yaani pale kati ya mfuko wa korodani na njia ya haja kubwa. Aina inayotumika sana hupita chini ya mrija wa mkojo na ncha zake hutokezea pande mbili karibu na kinena. Wengi hudhani unaukaba mrija kama kamba ya mfuko. Sivyo. Mkanda wa aina hii huuvuta mrija juu na nyuma, ukaurudisha karibu na pale ulipokuwa kabla nyama za kuushikilia hazijakatwa, ili msuli wako mwenyewe upate tena mahali pazuri pa kubana. Kwa hiyo kazi yote bado inafanywa na msuli wako, na pasipo na msuli unaojifunga, mkanda hauna cha kusaidia. Hapo ndipo daktari wako wa pili ana haki: ukimwekea mkanda mtu anayevuja gramu 700, au aliyepigwa mionzi ambaye mrija wake hauvutiki, utashindwa, na mgonjwa atadhani tiba nzima ni uongo.

Lakini kwa mwenye uvujaji mdogo au wa wastani, ambaye anaweza kukatisha mkojo katikati, na hajapigwa mionzi, mkanda ni tiba nzuri, na una sifa moja ambayo wanaume huipenda sana: hauna cha kubonyeza. Unaamka, unakwenda chooni, unakojoa kama zamani. Baadhi hushindwa kukojoa siku za kwanza kwa sababu ya uvimbe, hubaki na katheta, yaani mpira mwembamba wa kutolea mkojo, kwa muda, kisha hali hutulia. Maumivu ya msamba, hasa ukikaa, huweza kudumu wiki kadhaa. Jambo linalouharibu mkanda mpya kuliko yote ni haraka ya mgonjwa mwenyewe. Kwa wiki sita au zaidi usichuchumae, usitanue miguu sana, usinyanyue vitu vizito, maana mkanda unashikwa na nyama zinazoota ndani ya wavu, na nyama hizo zinahitaji muda. Mwanaume akijiona mkavu wiki ya pili hujisahau, anainama kubeba mzigo, na usiku huohuo anarudi kwenye pedi. Hilo huniuma kila nikilikuta, kwa sababu lilikuwa la kuepukika.

Mkanda ukishindwa, mlango haujafungwa. Bado unaweza kuwekewa msuli bandia, yaani ile pampu ya daktari wako wa pili, baadaye. Kuweka mkanda wa pili juu ya uliokwisha shindwa ni jambo ambalo mimi binafsi silipendi.

Msuli bandia una historia ndefu kuliko wengi wanavyofikiri. Brantley Scott, daktari wa upasuaji wa mfumo wa mkojo huko Houston, Marekani, na wenzake waliuweka kwa mara ya kwanza mwaka 1972. Umbo linalotumika zaidi leo, liitwalo AMS 800, lilitoka miaka ya 1980 na limebadilika kidogo tu tangu hapo. Una sehemu tatu, zote zikiwa ndani ya mwili, zimeunganishwa kwa vijirija na kujazwa maji. Ya kwanza ni pete inayojazwa maji, nayo huuzunguka mrija wa mkojo kwenye msamba. Ya pili ni puto dogo linalokaa chini ya tumbo, karibu na kibofu. Ya tatu ni pampu, ndogo ya kushikika kwa vidole viwili, inayokaa ndani ya mfuko wa korodani kama korodani ya tatu.

Muda wote pete imejaa na imeubana mrija, kwa hiyo huna la kufanya ili ubaki mkavu. Ukitaka kukojoa unaitafuta pampu kwa vidole juu ya ngozi na kuibonyeza mara chache. Maji hutoka kwenye pete yakaenda kwenye puto, mrija unafunguka, unakojoa. Kisha bila wewe kugusa kitu, puto huyarudisha maji polepole kwenye pete, na ndani ya dakika chache mrija umefungwa tena. Anayekojoa taratibu sana hubonyeza mara ya pili.

Kuna kitu kimoja cha kifaa hiki ningependa ukielewe, kwa sababu humo ndimo inamotoka moja ya hatari zake kubwa. Nguvu ya kubana haitoki kwenye pampu, inatoka kwenye puto, na daktari huchagua puto la nguvu maalumu. Linalotumika zaidi ni la mgandamizo wa sentimita 61 hadi 70 za maji. Ukiligeuza katika kipimo cha presha ya damu ulichozoea, ni kama 45 hadi 51, yaani chini ya ile namba ya chini ya presha yako. Maana yake pete inabana vya kutosha kuzuia mkojo, lakini si kiasi cha kuzuia damu isiingie kwenye nyama ya mrija. Ukiongeza nguvu, utakuwa mkavu zaidi mwaka huu, lakini baadaye pete huweza kuila nyama na kutokeza ndani ya mrija. Ndiyo sababu pia kifaa hakiwashwi siku ya upasuaji. Huachwa kimezimwa kwa wiki sita hivi, pete ikiwa tupu, ili nyama zipone. Wiki hizo sita utavuja kama kawaida, na nimeona wanaume wakikata tamaa katika muda huo wakidhani upasuaji umeshindwa. Haujashindwa. Haujaanza.

Na kwa kuwa wewe usiku uko mkavu, ukiwekewa msuli bandia muulize daktari wako kuhusu kuuzima unapolala. Wapo wapasuaji wanaolishauri hilo, hasa kwa mrija dhaifu, ili nyama ipumzike na ipate damu vizuri kwa saa saba au nane. Pampu ina kitufe kidogo cha kuizima.

Kitufe hicho ndicho kinachohusika na tukio ambalo sitalisahau. Mgonjwa wangu mmoja, mwenye msuli bandia uliokuwa umemfanyia kazi vizuri kwa miaka, alipelekwa hospitali nyingine usiku akiwa hajitambui kwa sababu ya ugonjwa mwingine kabisa. Hakuna aliyejua ana kifaa. Wakamwekea katheta, haikupita, wakailazimisha. Aliponifikia wiki chache baadaye pete ilikuwa imetokeza ndani ya mrija na kuna usaha. Tulilazimika kukitoa kifaa chote, kusubiri miezi kadhaa nyama zipone, kisha kuanza upya. Katheta kwa mtu mwenye msuli bandia huwekwa baada ya pete kufunguliwa na kifaa kuzimwa, iwe nyembamba, na ikae muda mfupi iwezekanavyo. Kwa hiyo tembea na kadi inayosema una kifaa hicho, na watu wa nyumbani wajue. Mwambie pia kila anayekupima kwa mashine za picha, na kila daktari atakayetaka kukupasua kwa sababu yoyote.

Daktari wako wa kwanza amesema pampu huharibika. Ni kweli, na asiyekuambia hivyo kabla ya kukupasua hakukutendea haki. Mwongozo uleule wa Marekani unataja kwamba takriban robo ya vifaa hivi huwa vimeshindwa ifikapo miaka 5, na karibu nusu ifikapo miaka 10. Kushindwa huko si kwa namna moja. Mara nyingine ni kifaa chenyewe: maji yanavuja, kijirija kimepasuka, na hapo hubadilishwa kwa upasuaji mwingine, mara nyingi bila matatizo makubwa. Mara nyingine nyama iliyo chini ya pete husinyaa, pete ikawa kubwa kwake, mkojo ukarudi kidogokidogo. Hiyo hurekebishwa kwa kuweka pete ndogo zaidi au kuihamisha. Mabaya zaidi ni mawili, maambukizi na pete kuila nyama. Hayo huwapata wachache, lakini yakitokea kifaa chote lazima kitoke. Ngozi juu ya pampu ikiwa nyekundu, ikiuma, au ikigandamana na pampu, au ukiona damu kwenye mkojo, au mkojo umekuwa mgumu kutoka, au umeanza kuvuja ghafla baada ya miaka ya ukavu, nenda siku hiyohiyo. Usisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Kwa kuwa wewe una miaka 67, hesabu hiyo ina maana kwamba huenda ukapasuliwa zaidi ya mara moja katika maisha yako. Wanaume wengi niliowahudumia wanaona ni bei wanayoweza kuibeba. Wengine hawataki hata kusikia, na hao nawaelewa.

Nchini Uingereza ulifanyika utafiti uliowagawa wanaume 380 kwa kura, katika hospitali 27, nusu wapewe mkanda na nusu msuli bandia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya mwaka mmoja, 87% ya waliowekewa mkanda na 84% ya waliowekewa msuli bandia bado walisema wanavuja. Usiogope namba hizo, ila zielewe vizuri: aliyevuja tone moja kwa wiki alihesabiwa sawa na anayelowa kila siku. Kiasi cha uvujaji kilipungua sana kwa makundi yote mawili, na wengi waliridhika. Kwa kipimo hicho kikali mkanda haukuzidiwa. Lakini walipotazama mambo mengine, kama vile ukali wa uvujaji uliobaki, msuli bandia ulikuwa mbele, huku madhara makubwa yakiwa machache zaidi kwa wenye mkanda. Mimi huwatajia wagonjwa utafiti huu kwa sababu moja: anayekuahidi ukavu wa asilimia mia, kwa tiba yoyote ile, anakudanganya. Lengo halisi ni kutoka pedi nne nzito mpaka pedi moja nyepesi ya tahadhari, au hakuna kabisa, na kuweza kukaa katikati ya watu.

Njia nyingine nitazipitia upesi. Yapo maputo mawili yanayowekwa pande mbili za mrija karibu na shingo ya kibofu, ambayo daktari huweza kuyaongeza au kuyapunguza maji baadaye kwa sindano, kupitia kifundo kilicho chini ya ngozi ya mfuko wa korodani. Wazo ni zuri, lakini maputo huweza kuhama au kupasuka, na hayafai kwa aliyepigwa mionzi. Ipo pia mikanda inayoweza kurekebishwa baada ya kuwekwa. Hizi zinataka mpasuaji aliyezizoea hasa. Sindano za kujaza nyama kwenye mrija ni rahisi na hazina kovu, ila kwa wanaume matokeo yake ni dhaifu na hayadumu. Ningezifikiria tu kwa mtu ambaye mwili wake hauwezi kuhimili upasuaji. Kwa huyo huyo, kibanio cha kuvalisha uume kwa nje nacho kinasaidia, mradi afungue kila baada ya saa mbili hivi na asilale nacho. Ukiahidiwa sindano za chembe hai za kuotesha msuli upya, usitoe pesa. Bado ni mambo ya utafiti.

Basi ningekuwa daktari wako, ningefanya hivi. Kama mizani itaonyesha chini ya gramu 200, unaweza kukatisha mkojo katikati, kamera imeona msuli unajifunga, na hujawahi kupigwa mionzi, ningekuwekea mkanda. Kama ni zaidi ya gramu 400, au ulipigwa mionzi hata kama unavuja kidogo, ningekuambia wazi kwamba ni msuli bandia, na kwamba kwa mwenye mionzi hatari ya maambukizi na ya pete kuila nyama ni kubwa zaidi, kwa hiyo tutakwenda taratibu. Kama mionzi bado inajadiliwa na haijatolewa, wakae pamoja daktari wa saratani na mpasuaji wako wakubaliane kipi kitangulie kabla mtu yeyote hajashika kisu. Kama uko katikati, gramu 300 na hujapigwa mionzi, zote mbili zinafaa, na hapo unachagua wewe. Ninachokuomba ni usichague mkanda kwa kuogopa pampu tu. Wanaume wengi huiogopa kabla ya kuwekewa, na baada ya mwezi wa pili wanaibonyeza bila hata kufikiri.

Muulize mpasuaji unayemchagua amefanya ngapi za aina hiyo, na mwaka jana alifanya ngapi. Swali hilo si utovu wa adabu. Kama una kisukari, sukari itulizwe kwanza. Kama unavuta sigara, acha wiki kadhaa kabla, maana sigara nayo ni adui wa vishipa vidogo vya damu. Kuhusu tendo la ndoa, ambalo hukuliuliza lakini wengi huliwaza kimya: mkanda wala msuli bandia haviongezi nguvu za kiume wala kuzipunguza. Ule mkojo unaotoka wakati wa tendo, ambao huwatia wanaume aibu kubwa, mara nyingi hupungua.

Umri? Hujachelewa. Miaka 67 si kikwazo, na wanaume wa zaidi ya miaka 75 huwekewa vifaa hivi wakanufaika. Kwa msuli bandia naangalia zaidi vidole na kumbukumbu. Mtu mwenye baridi yabisi kali ya mikono, au aliyepata kiharusi upande anaoutumia, au anayeanza kusahau mambo, anaweza kuwekewa pampu nzuri akashindwa kuifungua, na mkojo ukajaa kibofuni mpaka ukarudi kwenye figo. Jijaribu leo: chukua kifutio laini cha penseli, ukibane kwa kidole gumba na cha shahada kwa nguvu mara kumi, bila kukitazama. Ukiweza bila maumivu, mikono yako inatosha. Na siku ya kuwashiwa kifaa usiende peke yako. Nenda na mtu wako wa nyumbani, aonyeshwe pamoja nawe pampu iko wapi, inabonyezwaje na inazimwaje, ili siku ukiwa huwezi kusema, yeye aseme.